Sweta ya Mia Mbili

Sweta ya kwanza ya shule niliifuma siku mbili kwa mashine ya mkono. Ya pili ilinichukua siku moja na nusu, ya nne siku moja na ushee, ya nane ikaisha kabla jua halijazama. Kila idadi ya sweta nilizofuma ilipoongezeka maradufu, muda wa kufuma sweta moja ulipungua kwa robo. Zabuni ya sweta mia mbili ilipotoka hapa Bariadi, nikapanga bei kwa kufuata mteremko huo mpaka sweta ya mia mbili. Nikapata kazi.

Subira sina. Nikakodi mashine tisa, nikaita wanawake tisa wa mtaani, kama tunavyoitana kupalilia pamba. Wiki ile sikukaa kitini. Nilizunguka na simu mkononi nikipima dakika na kufoka, mpaka wifi yangu, mmoja wa wale tisa, akasimamisha mashine yake.

“Wifi, umeshafuma ngapi wewe?”

“Nane.”

“Mimi hii ndiyo ya kwanza.”

Nikawatazama wote tisa. Palizi ya watu kumi huisha mapema, maana wote wameshazoea jembe. Lakini mimi nilikuwa nimeuza kasi ya sweta ya mia mbili, na chumba kizima kilikuwa kinafuma ya kwanza.