Sentensi ya Pili

Kila aliyezoea kununua kitu katika soko lile aliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Walimwita Mama Kipaza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa katika kibanda cha mabati karibu na lango na kutangaza: mtoto amepotea, yuko hapa, ana kiatu cha mguu mmoja, mwenye mali aje, maji yatakatika mchana, mwenye gari jeupe lililoziba njia aliondoe kabla wachukuzi hawajalibeba kwa mikono. Watu walicheka huku wakichagua vitunguu. Mumewe alishafariki. Aliyebaki naye ni mdogo wake wa kike, aliyeuza mitumba chini ya ukuta wa nyuma wa soko.

Ni mdogo mtu aliyeuona ufa wa ukuta huo kwanza.

"Dada, njoo uone. Vidole vyangu vinaingia."

Ukuta wenyewe ulikuwa mpya, hata rangi haijapauka. Mama Kipaza akaenda ofisi ya soko, akaambiwa asubiri. Akarudi tena, akaambiwa mhusika yuko mkutanoni. Safari nyingine karani hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake. Mama akarudi kibandani amefura, akawasha kipaza.

"Ukuta wa nyuma umepasuka," akasema. "Wenye meza kule, waondoeni watoto. Na tuulize sote, nani aliujenga na nani aliukagua?"

Soko likatulia, kisha likalipuka makofi, na makofi yale ndiyo yaliyomponza. Kichwa kikamvimba, akaongeza: "Saruji yake msiitafute mbali. Iko kwenye nyumba mpya ya mwenyekiti, mwizi yule."

Mwenyekiti wa soko akamshitaki kwa kumchafulia jina.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. "Ulimwona akichukua saruji?"

"Kila mtu anajua, mheshimiwa."

"Basi mlete huyo kila mtu asimame hapo."

Hakuja hata mmoja. Wapiga makofi walikuwa na biashara zao za kuangalia.

"Kuusema ukuta ni haki yako," hakimu akamwambia wakati wa hukumu. "Mali ya umma ikiharibika na mwananchi akafyata mdomo, hao viongozi watawajibishwa na nani? Ungeishia hapo, ningeifuta kesi hii. Lakini umemwita mtu mwizi na huna ushahidi. Hapo sheria inakuzuia, kwa sababu naye ana jina lake."

Akaamriwa kulipa gharama za kesi na kuomba radhi kwa kipaza kilekile. Siku ya kuomba radhi mwenyekiti alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kifuani, akisikiliza.

"Niliyoyasema juu ya mwenyekiti nayafuta. Naomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Watu walijifanya wanasoma mizani zao.

Tangu hapo Mama Kipaza alitangaza watoto na maji, basi. Maneno ya hakimu aliyasikia vizuri, ila yaliyomkaa moyoni ni macho ya watu alipokuwa akitoka mahakamani, na mwenyekiti alivyomwambia kwa upole kwamba vibanda vile hutolewa na hurudishwa.

"Dada, siku hizi mkono unaingia hadi kiwiko," mdogo wake akamwambia. "Watangazie."

"Niache. Nimeshaumwa."

"Hakimu hakukukataza ukuta."

"Hakimu haishi humu sokoni."

Mdogo mtu akarudi kwenye mitumba yake. Yeye mwenyewe angehamisha meza yake, lakini nafasi nazo ziligawiwa na mwenyekiti.

Mvua ikanyesha mfululizo. Ukuta ukaanguka mchana, watu wamejaa. Mama Kipaza alisikia kishindo, akawasha kipaza akaita wenye magari, wenye majembe, yeyote mwenye mikono. Alikuwa bado anaita walipompitisha mdogo wake langoni juu ya mlango uliong'olewa. Wachukuzi wawili walikufa palepale. Mdogo wake alikatwa mguu.

Kamati ya uchunguzi ikakaa katika ukumbi wa manispaa. Mwenyekiti alizungumza kwa huzuni, leso mkononi.

"Ni kweli tahadhari ilitolewa na huyu mama. Lakini yeye mwenyewe aliifuta hadharani. Soko zima lilisikia."

Wakamgeukia. "Uliomba radhi?"

"Niliomba radhi kwa kulichafua jina lake. Ukuta sikuuombea radhi."

"Baada ya hapo uliutaja tena huo ukuta?"

Alitaka kueleza habari za kibanda, za yale macho, za upole wa mwenyekiti. Akaona hata akieleza, jibu ni lilelile.

"Hapana," akasema.

Kamati ikaandika kwamba tahadhari ilishafutwa, hivyo uongozi haukuwa na taarifa ya hatari. Mwenyekiti akabaki kwenye kiti chake.

Mdogo wake alihamia kwake. Haya yote alisimuliwa akiwa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Jioni moja, dada yake akimfunga kidonda, akasema bila kugeuka:

"Wangekushitaki tena, dada. Safari hii ungeshinda."

Mama Kipaza aliendelea kuzungusha bendeji. Aliifunga vibaya, ikabidi aifungue aanze upya.