Moshi wa Siku ya Pili

Mwezi uliopita nilipita mtaa wetu wa zamani mjini Tabora, nikaona moshi ukipaa kutoka jiko lililopakana na nyumba yenye msiba. Hakuna aliyeinua kichwa kuutazama. Ni mimi tu niliyesimama, na yafaa nikueleze sababu, mwenzangu.

Enzi za Waingereza mtaa ule ulikuwa wa watu wa kila namna: Waislamu waliokaa mjini tangu wakati wa misafara, Wakristo waliotoka vijijini, mafundi, wauza asali. Katika mengi hawakufanana. Katika msiba walikuwa nyumba moja. Mtu akifariki, mafiga ya mtaa mzima yalipozwa kwa siku tatu. Chakula kilipikwa uani kwa wafiwa tu, nasi sote tulikula huko. Bibi yangu alitufundisha kwamba anayewasha moto wake peke yake wakati huo amejitenga na kilio. Watani nao walikuja kuwachokoza wafiwa, ili machozi yapate pa kupumzikia.

Binti wa mfua vyuma alikuwa na miaka minane, sawa na mimi. Kila alasiri tulikwenda kisimani pamoja, tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, njia nzima. Siku ile niliamriwa kubaki nipepete mtama, akaenda peke yake. Walimkuta kesho yake asubuhi njiani, amepigwa rungu kichwani, amekufa. Askari walikuja, wakauliza, wakaondoka.

Msiba ule haukufanana na mingine. Mtani wa ukoo wao, mzee aliyewahi kubeba mizigo hadi pwani, aliingia uani, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, asiseme neno. Watu walipakuliwa ugali huku wakiangaliana mikono. Kila mmoja alijua kwamba mwenye rungu huenda anakula pamoja nasi.

Mimi sikuweza kumeza. Siku ya pili asubuhi nilitoroka nikaenda kwa jirani aliyepakana ukuta na nyumba ya msiba, mjane mzee aliyeishi kwa kuyeyusha nta. Nilimwambia nina njaa, lakini chakula cha kule kinanikaba. Alichukua kijinga cha kuni, akawasha moto, akaniambia nirudi msibani nisije nikatafutwa. Uji ukiiva ataniita.

Nilikuwa nimeketi miguuni pa mama wa marehemu, ndani, kwenye mkeka, niliposikia sauti ya kijana mmoja uani.

“Ule moshi unatoka kwa nani?”

Nikasikia viti vikisogezwa, halafu nyayo nyingi zikielekea upande wa pili wa ukuta. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Kila neno lilipenya.

“Bibi, leo una sherehe gani?”

“Napika uji.”

“Wa nani? Huna mume, huna mtoto.”

“Wa anayeutaka.”

“Mtaje.”

Hakunitaja. Mtu akasema anayejitenga na kilio anajua aliyeua, mlango ufungwe kwa nje. Mwingine akauliza kama paa lile la nyasi ni kavu.

Nilivuta kaniki nyeusi aliyojifunga mama yule, akaniinamia.

“Una nini, mwanangu?”

“Uji ni wangu, mama. Mimi ndiye niliyemwomba.”

“Umeshakula?”

“Bado. Haujaiva.”

Mama mfiwa haondoki mkekani kabla ya siku ya tatu. Hilo halikuwa na mjadala kwetu. Bibi yangu, aliyekaa kando yetu, alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha. Mama alinishika mkono, tukatoka hivyo hivyo, kaniki ikiburuzika vumbini, tukapita katikati ya wanaume wenye fimbo. Waliposogea, hawakusogea kwa haraka. Aliingia kwa mjane, akaketi kando ya mafiga, akachota uji kwa upawa, akaupuliza, akanywa mbele yao. Kisha akanipa mimi.

Hapo ndipo mtani, ambaye hakuwa amefungua kinywa siku mbili, alipochungulia mlangoni.

“Shemeji, huo uji au maji ya kuoshea chungu? Sasa najua marehemu mumeo alikimbia nini hadi kaburini.”

“Ungeunywa wewe, angekukuta umemtangulia huko,” mjane akajibu.

Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Mama wa marehemu naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia kama alivyokuwa hajalia tangu asubuhi ile. Wanaume waliweka fimbo chini, wakakaa palepale uani kwa mjane, wakalia naye.

Siku hizi kila nyumba hujipikia, msiba uwe jirani au mbali, na hakuna anayesoma moshi wa mwenzake. Siwezi kukwambia kwa uhakika kama tumepoteza au tumeokoka.

Aliyemuua rafiki yangu hakujulikana. Mjane alihamia Igunga kabla ya mvua, na wanaume wale wale ndio waliombebea vyungu vyake hadi barabarani.