Punda wa Soksi

Tulipokuwa wadogo kule Kishapu, barua haikuwa ya mtu mmoja. Ilipitia sanduku la posta la shule, mwalimu akaisoma kwa sauti, na kabla ng'ombe hawajarudi zizini kijiji kizima kilishajua nani amesalimiwa. Sisi watoto tulingoja stempu. Tulikata pembe ya bahasha, tukailoweka kwenye bakuli mpaka stempu ikabanduka yenyewe, tukaianika juu ya mfuniko wa sufuria, kisha tukaibandika daftarini kwa uji mzito. Chini yake niliandika kwa mwandiko wangu wa sherehe: nchi, rangi, picha, aliyetuma. Kwa sababu ya ule uji, mende walizipenda stempu zetu kuliko sisi.

Kaka yangu Masanja alituaga akisema anakwenda Geita kuchimba dhahabu. Misimu miwili ya pamba ikapita kimya. Kisha ikaja barua moja, fupi: ni mzima, anachimba, amesogea mbali zaidi, mama asiwe na wasiwasi. Mahali hakupataja. Mwalimu alisoma ya ndani, bahasha nikaichukua mimi. Stempu yake ilikuwa ngeni kabisa: mnyama wa kahawia mwenye miguu ya mistari, kama punda aliyevaa soksi. Yale meno ya pembeni mwa stempu yalinikera, basi nikachukua mkasi wa mama nikazinyoosha kingo. Bahasha ikawa ya kuwashia jiko.

Mama aliporudi shambani akauliza, "Imetoka wapi?" Hakuna aliyejua. Barua nyingine haikuja tena. Kwenye nchi nikaweka alama ya kuuliza. Tangu hapo kila jioni mama alisali, "Mlinde Masanja huko aliko."

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mwezi uliopita binti yangu, anayeuza vitenge Segese, alilikuta kabatini kwangu. Vijana wa leo hawaulizi mtu, wanauliza simu. Akaipiga picha ile stempu, na kabla sijaipata miwani yangu jibu likawa limefika: okapi, mnyama wa misituni. Nikamwambia aendelee kutafuta, nami nimemwinamia begani kama mtoto anayechungulia chungu. Akaipata stempu ileile, nzima. Chini ya kwato palikuwa na ukanda mwembamba wenye jina la nchi: Zaire, Kongo ya leo. Ukanda huo ndio nilioukata. Nililia, na sioni haya kusema.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Kishapu. Macho ya mama yamechoka, kwa hiyo nilimwekea daftari mapajani nikamweleza yote, hata habari ya mkasi.

"Alikuwa Kongo, mayu. Jina nililikata mimi."

Alipapasa ukurasa kwa kidole, muda mrefu.

"Huyo mnyama, ng'wanone, mwanangu, anauma watu?"

"Hapana, mayu. Anakula majani."

"Haya," akasema, akalifunga daftari taratibu.

Siku hizi mchimbaji humpigia mama yake akiwa bado na udongo usoni, na mama humjibu apige baadaye, yuko jikoni. Mama yangu alisubiri neno moja tu, nami nililitupa ili stempu ikae sawa. Nimeifuta ile alama ya kuuliza nikaandika Kongo. Na jioni ile mama aliposali, kwa mara ya kwanza alimtajia Mungu mahali.