Stempu Ilipona, Bahasha Nikaitupa

Chekeni tu, jamani, maana hata mimi nikikumbuka nilivyosimama mbele ya wale watu hapa Doha na kitenge changu kipya, uso unaniwaka.

Mzee Kobus, Mwafrika Kusini niliyekuwa nikimuuguza mguu nyumbani kwake Al Rayyan, hukusanya bahasha za askari wa vita vya zamani vya Waingereza na Makaburu. Moja ilitumwa na babu yake akiwa askari kambini, akimwandikia mama yake mzazi. Barua ilipotea, kwa hiyo anwani ile ya penseli ndiyo mwandiko pekee wa babu waliobaki nao. Akanipa niipeleke kwa fundi wa fremu karibu na kwangu Najma, iwahi maonyesho ya Ijumaa. Nikaiona imechafuka, nikakumbuka klabu yetu ya stempu shule ya msingi (loweka, bandua, kausha, karatasi tupa), nikajiambia acha nimfurahishe Mzee.

Ijumaa, kwenye ukumbi wa maonyesho, akaniomba nifunue fremu mbele ya wakusanyaji wenzake. Nikafunua. Stempu moja, inang'aa.

"Ile karatasi kuukuu nimeshaiondoa!" nikatangaza, nikasubiri makofi.

Mzee akavua miwani. "Sista, bahasha iko wapi?"

"Nimeitupa, Mzee."

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikakimbilia teksi hadi Najma, nikazama kwenye pipa la taka la jengo letu, kitenge na vyote, majirani wakichungulia na mmoja akinirekodi, hadi Opio, mlinzi wetu Mganda, akaja.

"Sista, watafuta nini humo?"

"Bahasha ya zamani!"

"Si niko nayo! Niliona mwandiko wa mtu, nikashindwa kuiacha."

Alikuwa ameikausha ndani ya Biblia yake, na penseli haikufutika hata herufi moja. Nilimkumbatia na uchafu wangu wote, nikilia.

Nikarudi ukumbini nanuka. Mzee akaiweka stempu mahali pake, na muhuri wa posta ya jeshi, nusu kwenye stempu nusu kwenye bahasha, ukarudi kuwa duara moja. Akaupitishia kidole, macho yamejaa machozi. "Kaa hapa karibu nami," akaniambia, "ingawa unanuka."

Namshukuru Mungu kwa Opio, na kwa mzee asiyejua kuweka kinyongo. Cha mtu sitakiloweka tena bila kuuliza. Na mama yangu kijijini, niliyezoea kumtumia sauti kwenye simu tu, nilimwandikia barua wiki ileile. Kwa penseli.