Sitini na Saba ya Wubbo

Miaka ishirini na miwili, Wubbo Drenth, fundi baiskeli, ndiye aliyesoma namba za bingo kijijini kwao, mkoani Groningen, Uholanzi. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulipona, ila maneno yakawa yanamkwama, na kiti chake akapewa jirani, Jurrie, anayesoma namba kama mtu anayesinzia. Wubbo alikitaka kiti chake, jamani, alikitaka!

Mtaalamu wa usemi alimpa hila: neno usilibebe zima, likate. Kila kipande gonga paja, kile kizito ukigonge kwa nguvu. Akaanza na vitu vya karakana. FIETS-pomp, pampu ya baiskeli, uzito mbele. FIETS-bel, kengele, vilevile. Aligonga mpaka suruali ikachujuka. Siku alipolitamka “fietspomp” bila kusita, mteja alidhani anauziwa, akainunua.

Namba zilikuwa balaa zaidi. Sitini na saba kwa Kiholanzi ni ze-ven-en-ZES-tig, vipande vitano, na uzito umejificha kwenye cha nne. Hapo aliteleza kila siku, na mkewe Geesje akisikia jikoni.

Ijumaa ya kushindania paja la nguruwe, kamati ikamrudishia kiti kwa raundi moja. Paja ni la atakayejaza kadi yake na kuita “bingo!” kabla namba inayofuata haijasomwa.

“Ukikwama, mzee, Jurrie anamalizia,” wakamwambia.

Namba kumi na nane zilipita salama. Geesje, meza ya mbele, alibakiwa na namba moja tu kwenye kadi. Mara Wubbo akautazama mpira mpya wenye namba, akaiva uso.

“Ze... ze...”

“Shuka, mzee, kahawa inapoa!” Jurrie akamtania.

Geesje aliijua sura ile. Namba inayomfanya hivyo ni moja tu. Akagonga meza: tatu taratibu, moja kishindo, moja taratibu. Majirani wakamfuata, kisha ukumbi mzima. Vikombe viliruka!

“Ze-ven-en-ZES-tig!”

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakapiga miluzi, wakakumbatiana na wasiosemeshana. Wubbo hakungoja, akachota mpira mwingine, akasoma namba yake kwa mkupuo mmoja, na mwingine, na mwingine.

Jurrie akainamia kadi ya Geesje, akashika kichwa.

“We Geesje! Sitini na saba si ndiyo uliyokuwa ukiingoja? Mbona hukuita bingo? Paja limekwenda hilo!”

“Nyamaza, Jurrie,” Geesje akasema, machozi yakimtiririka. “Mume wangu anasoma.”