Siku za Uzi Mweusi

Mume wangu Elieza alikuwa mtu wa kupanga siku za kazi. Hakuwa injinia, ingawa watu walikosea wakamwita hivyo, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kujua kwamba mawe yakifika Jumanne, wajenzi wasiitwe Jumatatu wakashinda kivulini. Idara ya ujenzi ya serikali ilimfundisha hayo miaka kumi na minane pale Dodoma mjini, kisha mwaka tisini na nne ikampunguza pamoja na wenzake wengi. Alikaa nyumbani miezi saba akinipangia mabua yangu ya uwele kwa urefu. Ndipo mkandarasi mmoja wa malambo akamchukua.

Alikuwa na ubao wa mninga, mkubwa kama mlango, umepigwa misumari kwa mistari, msumari mmoja siku moja. Kati ya misumari alivuta nyuzi za sufu: nyekundu ni kuchimba, kijani ni mawe, njano ni katapila. Nyuzi nilimpa mimi, nikifumua sweta zilizowabana watoto. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu, na barua ndefu hunichosha mpaka leo, lakini ubao ule niliusoma kuwashinda makarani wake. Nilikuwa naingia ofisini na kikombe cha uji nasema, "Baba Kefa, mawe yako yatatangulia shimo." Anaangalia, anasogeza uzi. Asante hakuwahi kusema. Kusogeza uzi ndiyo ilikuwa asante yake.

Na kila mwezi palikuwa na misumari minne yenye uzi mweusi. Hizo zilikuwa siku za msiba. Kwetu mtu akifa kijijini, jembe halishikwi mpaka matanga yaanuliwe siku ya nne. Ardhi inachimbwa kaburi tu. Na vibarua wa malambo walikuwa watu wa vijiji hivyo hivyo. Elieza alijua huwezi kupanga mwezi wa watu mia ukadhani hakuna atakayefiwa.

Walimtania sana. Aliyezidi ni Batholomeo, nyapara wa wachimbaji, ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuuwekea mlango.

"Mzee Elieza, mwezi huu umetupangia nani?"

"Anayeuliza."

"Basi nisogeze mbele kidogo, nimekwisha kuonja pombe ya harusi ya Jumamosi, nataka kuimaliza."

Mwaka tisini na sita mkandarasi alileta kompyuta, na pamoja nayo akaja Cecilia, binti aliyetoka chuo, mpole, wa kumwamkia Elieza shikamoo kila asubuhi hata kama jana walibishana. Kazi yake ilikuwa kuuhamisha ubao kuingia kwenye kompyuta. Alipofika kwenye uzi mweusi akakwama.

"Mzee, hizi siku niziandikie kazi gani?"

"Msiba."

"Msiba wa nani?"

"Bado hajajulikana."

Cecilia alicheka mpaka akavua miwani. Hata hivyo aliziacha siku zile wazi, bila kazi, na programu ile ya kwanza haikuwa na neno. Ukiiambia kaa, inakaa. Elieza hata aliipenda. Aliniletea karatasi iliyochapwa, akaitandaza juu ya ungo wangu wenye mtama. "Ona," akasema, "nyuzi zako." Kweli, mistari ya rangi imelala vile vile.

Mwaka uliofuata ikaja programu mpya. Alinieleza habari zake kama mtu anayeeleza habari za mkwe asiyemwelewa bado. Hii ilifunga kazi moja na nyingine kwa mishale, ukivuta moja, zote za nyuma yake zinafuata zenyewe. Kazi ambayo ikichelewa lambo zima linachelewa, inaigeuza nyekundu bila kuulizwa. Na ilikuwa na jambo jingine ambalo ya kwanza haikuwa nalo: inatafuta siku ambazo watu na mitambo wamekaa bure, inazifunga, inawapeleka penye kazi. Unabonyeza mara moja.

"Kazi yangu ya wiki nzima," alisema, "inaifanya sijamaliza kukohoa."

Alisema kwa kusifu. Lakini uji wake siku hiyo alibakiza.

Lambo la mwaka ule lilikuwa la kijiji chetu, tulikozaliwa mimi na yeye, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Zuzu. Mama yangu Paulina alichimba maji katika mchanga wa korongo tangu usichana wake. Unachimba, unakaa na kibuyu, unangoja maji yajikusanye kama unavyongoja mgonjwa ameze dawa. Elieza alilitaka lambo lile kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Mwezi wa kumi tuta lilikuwa limekwisha. Ulibaki mfereji mpana wa ubavuni, wa kutolea maji yakijaa. Bila huo mfereji maji hupanda juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa na maji mgongoni halisimami.

Kwenye ubao wake mfereji ulikuwa na siku kumi za katapila na vibarua, na nyuma yake siku nne za uzi mweusi. Kwenye karatasi ya programu mpya zile nne hazikuwapo. Kufika siku ya kumi na moja, katapila lilikuwa limeandikiwa kwenda Kongwa, kwenye lambo jingine.

Aliliona jambo hilo. Alihesabu mistari kwa kidole, akaenda kwa mkandarasi. Alichojibiwa aliniambia mara moja tu: "Mzee, kompyuta haipokei msiba usio na marehemu." Ofisi nzima ilicheka. Elieza wa zamani angebishana nao mpaka jioni. Lakini mtu aliyekwisha kupunguzwa mara moja husikia kila mlango unaofunguliwa nyuma yake. Akakunja karatasi, akatoka.

Siku ya nne ya mfereji, mama yangu akafariki.

Tulimzika kesho yake. Batholomeo na wachimbaji wote walikuja, majembe wakayaacha, na dereva wa katapila akazima mtambo, maana hakuna ambaye angemruhusu apasue ardhi ya watu waliofiwa. Siku ya pili ya matanga Elieza alikuja nilipokaa mkekani na wanawake, akachutama kwa mbali.

"Mama Kefa."

"Nakusikia."

"Waruhusu watu wakachimbe. Wewe ndiye mtoto mkubwa wa marehemu. Ukisema wewe, watakwenda."

"Mama yangu hana matanga ya siku mbili."

"Nilikuwa nimemwekea nne. Wamezifunga."

"Wamezifunga wao, siyo mimi."

"Katapila linaondoka Ijumaa."

"Liondoke! Mama amezaa watu tisa, akazika watano. Si kuku huyu, achinjwe halafu watu warudi kazini."

Wanawake waliinama. Mmoja akasema polepole, "Mama Kefa, msikilize mume wako." Nikamwambia anyamaze. Elieza aliokota kijiti, akachora mistari mchangani, akaifuta kwa kiganja, akainuka. Ndivyo alivyokuwa. Neno lake lilikuwa moja, na ukilikataa anakuachia ukae nalo.

Matanga yalipoanuliwa zilibaki siku mbili. Cecilia alikuja mwenyewe, akaona mfereji haujafika nusu, akageuza gari kurudi mjini kumwomba mkandarasi katapila libaki. Lakini mkandarasi alikuwa ameshawaonyesha watu wa Kongwa karatasi yenye tarehe. Ijumaa katapila likapandishwa kwenye lori. Cecilia alisimama kwenye vumbi lake, macho mekundu.

"Mzee, aliyebonyeza ni mimi."

"Umebonyeza kwa kuwa ndiyo kazi yako, mwanangu," Elieza alimjibu. "Nenda, utachelewa kufika mjini."

Tulichimba kwa mikono, mimi nikiwemo. Mwaka mwingine tungewahi, maana mvua kwetu husubiri mwezi wa kumi na mbili. Lakini ule ulikuwa mwaka wa El Nino, na mawingu hayakusubiri kitu. Ilinyesha siku tatu. Lambo likajaa, watoto wakashangilia, ng'ombe wakasogea kunywa. Elieza alikuwa mferejini, tope limemfika kiunoni, anachimba bila kuinua kichwa. Mchana wa siku ya tatu maji yakapanda mgongo wa tuta. Yalikata kijia chembamba kama cha panya, kikawa upana wa mlango, kisha hapakuwa na tuta. Mtu hakufa. Yalibeba mashamba ya bondeni na mbuzi wote wa Batholomeo, na jioni tukabaki tunatazama tope lenye nyayo za ng'ombe.

Mkandarasi alisema mpangaji wa kazi hakutoa taarifa. Akamwachisha kazi. Elieza alishuka stesheni ya Zuzu na ubao wake, akautwika kichwani mpaka nyumbani kijijini, akauegemeza ukutani, misumari ikitazama ukuta.

Miaka miwili hakunilaumu, hata kwa jicho. Hilo ndilo lililonila. Angenirushia neno moja ningepata la kumrudishia, mimi sikosi jibu. Siku moja tukipura mtama nikachoka.

"Sema basi, Baba Kefa."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Alipepeta ungo mzima kwanza. "Mama yako alikuwa na haki ya siku zake," akasema. "Aliyeshindwa kuzilinda ni mimi."

Nilitaka kubisha. Nikainua fimbo, nikaendelea kupura.

Mwaka tisini na tisa kijiji kiliamua kulijenga lambo upya kwa majembe. Safari hii walianza na mfereji, maana Elieza aliwaambia mfereji kwanza. Ubao ukageuzwa. Sweta za watoto zilikuwa zimekwisha, nikafumua yangu. Aliwapangia zamu, kitongoji kwa kitongoji, akiwa tayari anakohoa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja kifua kikamchukua. Mfereji ulikuwa umebakiza hatua thelathini, tuta la zamu nyingine limeshainuka, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mapema upande wa Zuzu.

Kwenye ubao, mwezi ule ulikuwa na misumari yake minne ya uzi mweusi, imevutwa vizuri. Hakuna aliyeifunga. Zilikuwa siku zake, na haki yake.

Siku ya pili ya matanga nilimwita Batholomeo.

"Chukua watu mkachimbe."

"Shemeji, leo ni ya pili."

"Najua kuhesabu."

"Watu watasema."

"Watasema wakishakunywa maji."

Safari hii hakuwa na utani wowote. Mwanangu Kefa alisogea, akaniinamia sikioni. "Mama, kwa bibi ulikataa."

"Ndiyo maana."

Wakaenda. Wanawake pale mkekani hawakunitazama, wala mimi sikuwatazama. Jembe la kwanza likasikika kutoka bondeni, halafu la pili, halafu mengi. Nilitaka kumlilia mume wangu kama inavyopasa, nikashindwa. Nilikuwa natega sikio nijue kama wanapiga mwamba au udongo.

Ulikuwa udongo.