Lindo la Nyumba ya Mgiriki

Mimi ni mtu wa masihara, ndiyo maana kila ninayemsimulia anacheka. Cheka na wewe ukitaka. Lakini lilitokea, tena mchana kweupe, nje kidogo ya Kilosa, mwaka ule mashamba ya katani yalipokuwa yakitafutiwa wawekezaji.

Mwalimu wa historia alitupeleka kwa lori kwenye gofu la nyumba ya Mgiriki aliyekuwa na shamba. Ukutani Mgiriki alikuwa amechora mji wa kale wa kwao, uko ufukweni, nguzo nyeupe zimevunjika. "Haya, Ugiriki ndiyo hiyo," akasema mwalimu. Ugiriki kwenyewe tungefikaje? Hata Mikumi kuona tembo tulishindwa!

Wenzangu wakichora nguzo kwenye madaftari, nikajificha stoo ili niwatishe. Ndani nikamkuta mzee wa kaptura ya kaki, rungu mapajani. Akainamisha kichwa: "Shikamoo, baba."

Mzee ananiamkia mimi? Ungekuwa wewe ungeacha? "Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

"Niliambiwa nisitoke mpaka aje mkubwa wangu," akasema. "Umeitika. Lindo ni lako." Akatoka, akapotea.

Nikataka kumfuata, miguu ikagoma kizingitini. Nikapiga kelele. Nje wakacheka: "Mwacheni, anajifanya mzimu huyo!" Lori likaondoka. Niamini, hujawahi kusikia ukimya kama ule.

Alasiri akarudi Mwajuma, kwa miguu, peke yake. Tulikuwa tukikaa dawati moja.

"We mjinga, toka basi! Nimeshuka kwenye lori kwa ajili yako."

Nilijua ninachofanya. Usiniulize mara mbili.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitika akicheka, akaingia kunivuta mkono.

Miguu ikawa myepesi. Nikatoka mbio. Yeye hakutoka.

Walimtafuta mpaka wakachoka. Stoo waliikuta tupu. Nikasema ukweli, nikachapwa kwa kufanya mzaha kwenye msiba wa watu. Dawatini sasa nakaa peke yangu.

Basi ukipita kwenye magofu yale, mtu mzima akikuamkia, usiitike. Kimbia. Mimi huenda kila Jumamosi. Nasimama mlangoni nikingoja Mwajuma aniamkie, nimwitikie, atoke. Namsikia yumo. Haniamkii. Ananiambia tu jua linazama, nirudi nyumbani, mama atanitafuta.